Mfuko wa Kulalia Kwenye Chumba cha Samaki

Kisangani haina baridi ya kujaribia kitu. Ndiyo maana Kahambu alimpeleka binti yake Gracia kwenye depo ya shemeji yake Mumbere, katika mtaa wa Tshopo, penye chumba cha baridi cha kuhifadhi samaki. Wiki ijayo Gracia angepanda Ruwenzori na wenzake wa chuo kukusanya mimea, walale kwenye mahema mahali ambapo maji huganda usiku. Muuza mitumba alikuwa amewaachia mifuko miwili ya kulalia wajaribu, warudishe mmoja.

Mmoja ulikuwa wa pamba, mnene, mzito. Mwingine ulikuwa wa manyoya ya bata, buluu ya kung'aa, mwepesi kiasi kwamba ukikunjwa unabebeka kwa kiganja.

"Huu wa buluu ni wa kupigia picha," Kahambu alisema. "Mimi nimezaliwa Lubero, baridi naijua. Blanketi ya kweli ni ile inakulemea. Ingia kwenye huu munene."

Gracia akalala juu ya makatoni ya samaki, Mumbere akafunga mlango. Haukupita muda, akagonga.

"Mama, baridi inaingia. Huku chini, mugongoni."

"Mugongoni. Hata haujalala vizuri."

"Ni kweli, mama."

Kahambu akawageukia wanawake waliopanga foleni ya samaki na mabeseni yao. "Munamuona huyu? Anataka ule wa buluu sababu ya Léon fulani, wanaenda naye. Kule mulimani anafuata bwana, si majani."

Wakacheka. "Muache, mama," akasema mmoja wao, Nuru. "Bwana naye anapasha moto."

Gracia hakucheka. Aliukunja mfuko wa pamba taratibu. "Bon, tuchukue huu munene. Twende nyumbani."

Unyenyekevu ule ulimkera Kahambu kuliko ubishi. "Hapana. Mutu asiseme nimekulazimisha. Naingia mimi mwenyewe. Mumbere, funga mulango."

Mwanzoni ilikuwa raha. Uzito ulimkumbusha nyumbani. Kisha baridi ikapanda kutoka chini. Pale mwili ulipoilalia pamba, pamba ilikuwa imebonyea ikawa kama karatasi. Akageuka ubavu, baridi ikamfuata. Ndipo akakumbuka kwamba Lubero blanketi halikufanya kazi peke yake: chini kulikuwa na godoro la majani, na kila upande ndugu.

Angeweza kugonga. Lakini nje alisikia Nuru bado anamtania Gracia, na jina la Léon likirukaruka kwenye foleni. Jina lile Kahambu hakulisikia barabarani. Gracia mwenyewe alimwambia, juzi, wakitwanga majani ya muhogo ya sombe, kwa sauti ya chini, bila kuinua macho kutoka kwenye kinu.

Hakugonga. Meno yalianza kugongana, naye akabaki pale pale.

Mumbere akafungua mwenyewe. "Shemeji, unataka tukuuze kwa kilo?"

Foleni ikacheka tena. Kahambu akatoka, midomo migumu.

"Baridi inaingia," alisema kwa nguvu, ili wote wasikie. "Mugongoni, kama alivyosema. Mutoto alisema kweli. Mimi ndiye nimemusingizia."

Kicheko kikafa. Mtu akasogeza beseni lake kwa mguu. Lakini jina la Léon lilikuwa limeshatoka. Lingefika nyumba nyingi jioni ile pamoja na samaki.

Gracia akaingia na mfuko wa buluu. Safari hii hakugonga. Kahambu alisimama karibu na mlango akisubiri, mpaka ikabidi afungue mwenyewe.

"Iko na joto?"

"Iko muzuri, mama."

Walirudi kwa muuzaji, Kahambu amejitwika ule mzito kichwani. Siku nyingine Gracia angetembea kando yake akipiga soga. Leo alitangulia. Kahambu alitaka kumuuliza kama Léon naye amepata mfuko mzuri.

Badala yake akakaza mwendo ili asiachwe mbali.