Dakika Tatu kwenye Mita Tano

Nililala jana nikiwa nimechoka, nikaota niko likizo. Hapo hapo nikajua ni ndoto.

Nilikuwa kwenye meli ya wapiga mbizi, ile ambayo watu hulipia walale majini wiki nzima, wazungushwe visiwani, kisha waamshwe alfajiri watupwe baharini. Mimi nyumbani naamshwa alfajiri bure.

Kiongozi wetu alikuwa chewa, samaki mnene mwenye filimbi shingoni.

"Usimwache mwenzako," akasema. "Na mtungi wako una maneno mia mbili. Kila neno ni pumzi."

"Maneno mia mbili? Hayo nayamaliza kabla ya chai."

Akatazama kipimo. "Mia moja tisini na mbili."

Mwenzangu alikuwa Sakina, binti yangu, aliye mwaka wa mwisho wa ufamasia. Alivaa suti ya mpira, na juu yake koti jeupe la maabara.

Tunazama. Chini kuna jiko langu lile lile, ila sinki limeota matumbawe. Pweza anaosha vyombo. Mikono minane, na sufuria bado ina ukoko! Namwambia. Namwambia kwa kirefu. Kasa kapanda kwenye kochi na miguu ya mchanga, naye namwambia.

"Ndivyo alivyo," pweza anamnong'oneza kasa. "Itikia tu."

"Nimekusikia!"

Kipimo kinashuka.

Sakina ananivuta mkono, anapitisha kiganja shingoni: hewa imemwishia. Namshangaa. Mtoto huyu nyumbani haongei, maneno yake kayamalizia wapi?

"Kwako," anasema chewa. "Amesema 'Mama, nilikuwa nataka kukwambia' mara hamsini. Kila mara ulimkatiza."

Nampa Sakina bomba langu la akiba la kupumulia. Tunapanda polepole, kama sheria inavyotaka. Kwenye mita tano chewa anapiga filimbi.

"Simameni hapa dakika tatu, miili izoee kabla ya kutoka majini. Mama, umebakiwa na maneno thelathini, na ndiyo hewa ya binti yako. Ukiyatumia, hafiki juu."

Dakika tatu za kutulia. Sijawahi tangu nijifungue.

Sakina anavuta pumzi. "Mama, nilikuwa nataka kukwambia, ufamasia niliuacha Machi. Nataka kufundisha watu kupiga mbizi."

Machi! Na tangu Machi nampigia pasi koti jeupe!

Majibu ninayo, ya kujaza mitungi kumi. Yamepanga foleni kooni, la kwanza linamhusu marehemu baba yake. Nayameza moja moja. Yana chumvi. Kasa anapita na mchanga wake, ananitazama makusudi. Naye nammeza.

"Bado dakika mbili na nusu," anasema chewa.

Naushika mkono wa Sakina. Siusemi hata ubaridi wake.

Nikaamka, sikio moja likitiririka maji. Kwenye kioo nikaona alama nyekundu ikizunguka uso wangu, kutoka paji hadi juu ya mdomo, kama ya mtu aliyevua miwani ya kuzamia sasa hivi. Nikajiambia ni mto wa kulalia.

Nikaenda jikoni. Sakina alikuwa amesimama kando ya sinki, koti jeupe mkononi, na alama ile ile usoni.

"Mama, nilikuwa nataka kukwambia..."

Akangoja nimkatize kama kawaida.

Nikatazama saa ya ukutani. Nikavuta kiti, nikaketi, nikafunga mdomo.