Ratili Kumi na Tano

Kila Jumamosi, kabla hata ya kunywa kahawa, Lavonne Stucky alipiga magoti mbele ya gari lake, Linnet ya zamani. Sakafuni mwa gereji aliweka mto wa kochi la zamani, kwa sababu magoti yake yalikuwa na miaka sitini na tisa kama yeye mwenyewe, na mkononi alikuwa na kipimo cha upepo cha shaba kilichong'aa kwa kushikwashikwa. Alianza na tairi la mbele la kushoto. Alifungua kifuniko kidogo, akabana kipimo, upepo ukafyonya, akasoma. Kumi na tano. Ratili kumi na tano, si zaidi. Akafunga, akaukokota mto kwenda upande wa kulia.

"Vonnie."

Alishtuka mpaka kipimo kikamponyoka, kikabingirika uvunguni mwa gari. Waliomwita kwa jina hilo walikuwa makaburini wote, isipokuwa mmoja, na huyo mmoja hakuwa amekanyaga uwanja wa nyumba hii kwa miaka hamsini na miwili.

Harlan Beckner alikuwa amesimama nje ya mlango wa gereji, kofia ameishika kwa mikono miwili. Alikuwa amekuja kwa miguu, maili tatu kutoka mjini, kama alivyokwenda kila mahali. Shati lilimpwaya shingoni. Alikuwa amekonda kwa namna ambayo chakula hakiwezi kuirekebisha.

"Nilibisha mlango wa mbele," alisema. "Hukusikia."

"Harlan. Ingia basi. Kahawa iko jikoni."

"Hapana, nitasimama hapa hapa. Mama yako alisema nisivuke kizingiti chenu. Kufa kwake hakujanipa ruhusa." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Kisha akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne. "Nasikia chama chenu kinakusanya kumbukumbu za watu waliokuwa na Linnet. Mnatengeneza kijitabu."

"Ndiyo. Leo saa nane, kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa."

"Nami nina yangu. Nataka kuisoma mbele ya watu. Lakini wewe ni dada yake Merle. Isome kwanza. Usipoipenda, niambie, nitaichana."

Lavonne aliipokea karatasi. Mikono yake ilikuwa na vumbi la tairi. "Mbona sasa, Harlan?"

Aliinua kidevu kuelekea shamba la mahindi ng'ambo ya barabara, mahindi yaliyofika magotini tu. "Daktari anasema haya yatavunwa bila mimi." Akavaa kofia, akaigusa ukingo kwa heshima, akaondoka polepole kando ya barabara.

Alisoma akiwa bado amepiga magoti. Mwandiko ulikuwa mkubwa na wa makini, mwandiko wa mtu aliyerudia mara nyingi.

"Jumapili ya tarehe 17 Juni 1962 mimi ndiye niliyeshika usukani wa Linnet ya rafiki yangu Merle Stucky. Nilimwambia sherifu, na nimesema tangu siku hiyo, kwamba nilikuwa nakwenda maili thelathini na tano kwa saa. Leo nasema kwamba nilikuwa nakimbiza. Sikumbuki nikikimbiza, lakini lazima nilikuwa nakimbiza. Nimeipita kona ile kwa miguu kila siku kwa miaka hamsini na miwili na sijaona sababu nyingine. Gari lilikuwa zuri. Merle alilipenda. Naomba radhi kwa watu wake."

Alisoma tena lile neno, lazima. Kisha akainama mpaka paji la uso likagusa bati la gari, baridi.

Kwa sababu Harlan hakukimbiza. Lavonne alilijua hilo kama alivyojua jina lake.

Siku moja kabla ya ile Jumapili, akiwa na miaka kumi na saba, aliamua kumwoshea kaka yake gari. Kesho yake kulikuwa na mlo wa kanisa uwanjani, na Merle alitaka gari ling'ae. Ilikuwa Linnet mpya, ya kijani kibichi, ndogo, injini nyuma na buti mbele, na katika kata nzima zilikuwa tatu tu. Alipomaliza kuisugua aliona matairi ya mbele yamelala kidogo, laini, kama ya gari lililotelekezwa. Aliona aibu kwa niaba ya kaka yake. Akavuta mpira wa upepo wa baba, ule wa kujazia lori na trekta, akayajaza yote manne sawasawa. Ratili ishirini na sita, kama alivyofundishwa kwa lori. Hakumwambia Merle. Alitaka aone mwenyewe jinsi gari linavyosimama vizuri.

Siku ya pili, baada ya kula, Merle alimtupia Harlan funguo. "Endesha wewe," alisema, akijipapasa tumbo, "mimi nimeshiba hata siwezi kuinama." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho ambayo Lavonne aliyasikia. Kwenye kona ya kinu cha zamani mkia wa gari ulitoka nje kama umevutwa kwa kamba, gari likabiringika mtaroni, Merle akawa chini yake.

Kaburini Harlan, mkono mmoja umefungwa bandeji, alimnyooshea mama yao mkono mwingine. Mama aliutazama. "Mkono huu," alisema, na watu wote walisikia, "ndio uliomzika mwanangu." Tangu siku hiyo Harlan hakuendesha tena gari wala hakuoa. Alifanya kazi kwenye ghala la nafaka, akitembea kwenda na kurudi kila siku mbele ya nyumba yao. Kila majira ya joto mtu fulani alikata majani kwenye kaburi la Merle, na mama, akijua ni nani, alikwenda huko baadaye na kuyakata upya.

Lavonne alipata kujua alichokifanya miaka mitatu baada ya mazishi. Siku hizo magazeti yote yalikuwa yakiisema vibaya Linnet. Watu walikuwa wameshtaki, wakubwa wa serikali wanaulizana maswali. Gazeti moja lilieleza kwa nini. Injini ikiwa nyuma, uzito wote uko nyuma, na matairi ya mbele lazima yawe laini, ratili kumi na tano. Yakijazwa sawa na ya nyuma, gari linageuka kama ng'ombe kwenye barafu. Kulikuwa na mchoro. Aliusoma akiwa jikoni, mama yake akimenya viazi hatua mbili kutoka alipo, na alichofanya ni kulikunja gazeti na kuwashia nalo jiko.

Mwaka 1979, miaka kumi tangu kampuni iache kutengeneza magari hayo, alinunua Linnet iliyochakaa na kuifufua. Alijiunga na chama. Kwenye mikutano ya magari alipita safu hadi safu na kipimo chake, akiinama kwenye matairi ya mbele ya watu, mpaka wakampa jina la Bibi Kumi na Tano. Walilipenda jina hilo. Yeye aliitika.

Jumamosi hiyo aliyokuja Harlan, kwa mara ya kwanza, tairi la kulia halikupimwa.

Ukumbi wa chini ya kanisa ulinukia kahawa na pai za cheri. Watu kumi na wanane walikaa kwenye viti vya kukunja, na Lavonne, ambaye ndiye katibu, alikaa mbele na daftari. Harlan alikaa karibu na mlango. Lavonne hakuwa amempa jibu. Alikuwa amemrudishia karatasi yake pale mlangoni mwa ukumbi, akafungua mdomo, akajikuta anasema, "Kuna pai," na Harlan akalichukua hilo kuwa ruhusa.

Twila Gantz alikuwa amesimama, akizungumza kwa mikono miwili. "Basi mwenye duka akanibebea vitu vyangu mpaka nje. Hajawahi kuona Linnet, huyo! Akafungua nyuma, akavipanga vyote juu ya injini, vizuri kabisa, akafunga. Nafika nyumbani, siagi imekuwa mchuzi, mayai yameiva."

"Siku pekee ambayo mumeo alikula chakula cha moto!" alisema Roy Fenner, mwenyekiti, fundi mstaafu mwenye tumbo lililomtangulia.

"Nyamaza wewe! Tumbo hilo ulilipata wapi, kwa chakula baridi?"

Watu walicheka mpaka viti vikalia. Mzee Emmett akasema kwamba mpaka leo akisikia harufu ya oili ya moto, ile iliyokuwa ikipita kwenye hita ya Linnet, anakumbuka busu lake la kwanza.

"Busu la nani?" aliuliza mkewe. "Mimi sijapanda Linnet yako hata siku moja."

Emmett akajifanya hasikii vizuri. Walicheka tena, wengine wakifuta macho, na Lavonne aliandika. Aliwapenda watu hawa. Kila mmoja alikuwa na siku yake njema ndani ya gari lile, na alikuwa ameitunza, na hakuna aliyeweza kumwambia haikuwa njema.

"Na gari kama hilo likauawa!" Roy alisimama, akijipiga paja. "Likauawa na watu wa Washington wasiojua kubadilisha hata plagi. Na nani aliyewapa fimbo ya kutupigia? Wajinga wa pampu! Kitabu cha gari kimeandika, mbele kumi na tano. Mtu anaona tairi laini, hasomi, haulizi, anajaza kama lori. Kisha ndugu zake wanalia kwamba gari ni baya. Au siyo, Bibi Kumi na Tano?"

Wote walimgeukia, wakitabasamu. Lavonne naye alitabasamu, kama alivyotabasamu miaka thelathini na mitano, na kalamu ikaandika kitu ambacho baadaye hakuweza kukisoma.

Ndipo Harlan alipoinuka. Wengi hawakuwa wamemwona. Kimya kilianza karibu na mlango kikaja mbele kiti kwa kiti, maana katika kata ile hakuna aliyehitaji kuambiwa huyo ni nani. Alisoma karatasi yake bila kuinua macho. Sauti yake ilikuwa ndogo. Alipofika kwenye "lazima nilikuwa nakimbiza" alisimama kuvuta pumzi, na pumzi haikuja vizuri, akangoja, akaendelea mpaka mwisho.

Roy alikuwa wa kwanza kusogea. Machozi yalimlenga kweli. Alimwendea Harlan, akamshika bega. "Bwana Harlan. Huo ni uanaume. Miaka hamsini watu hapa wanasema Linnet ilimuua Merle Stucky. Nimetukanwa kwa ajili hiyo kwenye karakana yangu mwenyewe. Leo umelisafisha gari." Akageuka. "Katibu, hiyo iwe ukurasa wa kwanza."

Mtu mmoja alipiga makofi, akaacha. Harlan hakumtazama Roy. Alikuwa akimtazama Lavonne, na usoni mwake kulikuwa na kitu ambacho Lavonne hakuwa amekiona tangu mazishi: alikuwa anaomba.

Kalamu ilikuwa mkononi. Angeweza kuandika. Harlan angekwenda nyumbani akiwa mwepesi kidogo, angekufa kabla ya mavuno, na kijitabu kingetoka na picha ya Linnet ya kijani kwenye jalada.

"Hukukimbiza," alisema.

"Vonnie," alisema Harlan kwa upole, "hukuwepo."

"Hukukimbiza. Wewe hujawahi kukimbiza kitu. Merle alikuwa anakucheka, alisema unaendesha kama mtu aliyebeba mayai."

"Mama Lavonne," Roy alisema, sauti ameishusha, "tunajua ni kaka yako. Inauma. Lakini yeye mwenyewe ndiye anayesema."

"Anasema kwa sababu hajui sababu nyingine." Alisimama. Daftari lilianguka na hakuna aliyeliokota. "Niliosha gari Jumamosi. Matairi ya mbele yalikuwa yamelala. Nikavuta mpira wa baba nikayajaza, ishirini na sita, yote manne. Sikusoma kitabu, sikuuliza. Mjinga wa pampu ni mimi, Roy."

 Mkono wa Roy uliteleza polepole kutoka begani mwa Harlan. Harlan aliitazama karatasi yake, akaigeuza, kama kwamba nyuma yake kungekuwa na maandishi mengine.

"Ulikuwa mtoto," alisema mwishowe. "Ungejuaje?"

Alikuwa anamsamehe. Alikuwa anamfungulia mlango, hapo hapo, mbele ya watu wote, na angeweza kuupita na kuketi.

"Nilijua mwaka sitini na tano," alisema Lavonne. "Gazeti lilieleza."

Harlan alihesabu, midomo yake ilionekana ikihesabu. "Mama yako aliishi mpaka mwaka tisini na moja."

"Ndiyo."

"Miaka yote ile. Nilikuwa napita mbele ya nyumba yenu asubuhi na jioni." Hakupaza sauti. "Kwa nini hukusema, Vonnie?"

Majibu aliyokuwa ameyaandaa kwa nusu karne yote yalikuwepo. Kwamba alikuwa mdogo. Kwamba alimwogopa mama. Kwamba hakuna ambaye angefufuka. Aliyapitia moja moja, kama mtu anayepapasa mifuko, kisha akayaacha.

"Kwa sababu Mama alikuwa ameshakuchukia wewe," alisema. "Alikuwa amezoea. Kila siku nilikuona unapita pale barabarani, nikajua ni mimi niliyestahili kupita pale, na kila siku nikasema moyoni, heri awe yeye."