Mstari wa Shombo

Kila asubuhi fundi wa maabara alipima unga wa zeolaiti, madini yenye vitundu visivyoonekana kwa macho, akaukandamiza ukawa kidonge chembamba kama ukucha. Akakipasha moto mkali ili kila kilichojificha vitunduni kitoke. Kisha akaingiza mvuke wa kemikali iitwayo piridini. Mvuke ule hung'ang'ania penye asidi, na mashine ya miale ya infraredi hummulika mng'ang'anizi na kuchora mstari wake.

Piridini hunuka shombo, kwa hiyo fundi naye aliitwa Shombo. Kantini alikula meza ya peke yake. Nyumbani, mwaka wa tatu sasa, mkewe alimtandikia sebuleni. Feni ya maabara ya kuvuta hewa chafu ilikufa kabla hajaajiriwa.

Jumanne moja unga ulimwishia, akachota kwenye chupa kuukuu iliyokaa rafuni bila kifuniko miaka kumi na mmoja. Moto ulipofika nyuzi mia nne, fundi aliyemtangulia, yule aliyezikwa kwa ugonjwa wa mapafu, alitoka kwenye kidonge, akakaa kwenye stuli, akafuta miwani.

"Feni wametengeneza?"

"Bado, kaka."

"Na wewe wanakuitaje?"

"Shombo."

"Hilo langu. Hata jina jipya wamekunyima?"

Walicheka mpaka wakakohoa, kikohozi kile kile. Mchana huo fundi alikula na mtu. Kidonge kilipopoa, mgeni aliaga, akarudi ndani.

Mashine ilikuwa imechora mstari usiokuwemo kwenye kitabu chochote. Fundi aliupeleka kwa profesa, pamoja na ombi la feni, la saba hilo.

"Huu mstari wa nini?"

"Ni marehemu, Profesa. Mapafu yake. Na mimi nimeanza kukohoa."

"Pole sana." Profesa aliuinua mchoro kwenye mwanga wa dirisha. "Anatoka kwenye nyuzi ngapi?"

"Mia nne."

"Basi andika mia nne. Hii ni asidi ya aina mpya."

Ombi la feni alifunikia kikombe cha chai.

Makala ilitoka, ikasifiwa, profesa akataka vipimo zaidi. Unga wa chupa kuukuu ulipokaribia kwisha, mgeni alikuja nusu nusu, bila miguu, sauti ikiwa ya kunong'ona. Kidonge cha mwisho fundi hakukipasha moto. Alikifunga kwenye leso, akakitia mfuko wa shati.

Kisha akachukua chupa mpya, akaibandika tarehe, akaivua kifuniko na kuiweka kando ya stuli, pale anapokoholea. Akawasha mashine.