Jiwe la Kuvulia Viatu

Asubuhi ya Chuseok, sikukuu ya mavuno ya Wakorea, wanaume walipomaliza kuwasujudia marehemu, Baba Mkubwa Pyeong-ho alitangaza kwamba nyumba sasa ni ya mwanawe. Ok-bun, mjane wa mdogo wake, afungashe kabla ya baridi. Alizaa binti tu, na binti hasimamii tambiko. Alisema hayo huku akinyoosha bakuli aongezewe supu. Ok-bun, aliyekuwa jikoni tangu juzi akiwapikia mizimu ya ukoo huo, akamwongezea.

Binti yake, Da-jeong, alimchukia mzee yule mpaka meno yakamuuma. Lakini katika lugha ya nyumbani, hasira ya mdogo kwa mkubwa sharti kwanza ipige magoti, na ikishapiga magoti haina tena cha kusema. Da-jeong alifundisha Kiingereza mjini Daegu. Akachukua maneno ya lugha hiyo, yale ya watu wanaotia kichefuchefu.

“Vile,” akasema kwa Kiingereza, yaani mwovu. Jiwe jeusi, limelowa, likamtoka mdomoni likatumbukia kwenye supu ya mzee. “Abhorrent.” La pili likavunja sahani ya samaki. “Despicable.”

“Sahani za ukoo hizo, we mtoto!” akafoka mke wa Pyeong-ho. “Temea nje huko!”

Pyeong-ho akalitoa jiwe lake kwa kijiko, akaliweka kando pamoja na miiba ya samaki. “Matamshi safi. Marehemu mdogo wangu hakupoteza ada ya shule.” Akaendelea kula.

Jikoni, wanawake walipokuwa wakila makombo wima, Ok-bun akauliza, “Lile la mwisho ndiyo nini?”

“Mtu wa kutapikiwa, mama.”

“Nifundishe.”

Alilishika kwa shida, maana hakuwahi kuingia darasa la Kiingereza. Siku ya kuhama alisimama kizingitini na furushi lake, akamgeukia shemeji yake, akalisema silabi moja moja. Likaanguka jiwe la ukubwa wa gunia la mchele, na sakafu ikapasuka. Ok-bun akajifuta mdomo, akaenda zake.

Mwana wa Pyeong-ho aliita majirani walisukume. Halikutikisika. Baadaye mkewe akagundua kimo chake ni kizuri kwa kuvulia viatu.

Kila Chuseok wageni huketi juu yake, wakalipapasa na kulisifu.

“Jiwe la maana hili, mzee. Ulilitoa wapi?”

“Aa,” hujibu Pyeong-ho, akivua soksi, “lilikuja na nyumba.”