Matundu Mawili ya Adapta

Maalim Thuwein alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni ujuaji. Mtu mwema, swala tano hazimpiti, hisabati kaisomesha skuli ya Mtambile miaka ishirini na sita, lakini umwambie "hili hulijui, maalim," utamkosesha usingizi. Kwa hiyo bintiye Samah, aliyeolewa Maskati, alipomletea kompyuta na juu yake akamletea adapta ya laini ya simu ya dijiti, mtaa mzima uliambiwa siku hiyo hiyo kwamba maalim ataifunga mwenyewe, kwa mikono yake, bila ya fundi.

Adapta yenyewe kijisanduku cheusi, ukubwa wa mkate mmoja wa boflo, kinakaa juu ya meza nje ya kompyuta. Waya mmoja unakwenda kwenye kompyuta, mmoja kwenye umeme, wa tatu kwenye laini ya simu ukutani. Kazi yake kuikutanisha kompyuta na simu, ili barua ifike Maskati kwa dakika moja badala ya wiki tatu za posta. Na nani Mtambile hakuwa na mtu wake Maskati au Dubai? Barazani kwa Mzee Mmanga watu walianza kupangiana zamu za barua hata sanduku halijafunguliwa.

Ila laini ya dijiti haiji yenyewe. Lazima fundi wa simu aivute kutoka nguzoni mpaka ndani, na fundi wa simu wa upande ule alikuwa mmoja tu, Mjaka, anakaa mtaa huo huo, nyumba ya sita kutoka kwa maalim. Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Mjaka alikuwa wa chama kile.

Aliyeiona Pemba ya miaka ile, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi umepita na hasira zake hazijapita, hahitaji kuelezwa. Wa chama kile na wa chama chetu hatukuulizana hali. Mjaka alisusiwa. Dukani hauziwi, harusini haalikwi, akitoa salamu watu wanatazama miguu yao. Mama yake alipofariki jeneza lilikwenda na watu saba, wakachoka njiani bila ya wa kuwapokea. Maalim Thuwein siku hiyo alikuwa ndani, nyuma ya dirisha. Alihesabu vichwa, akapata saba, akarudi kuketi.

Basi Jumatatu asubuhi Mjaka akaja na baskeli yake, ngazi begani. Akapanda nguzo, akavuta waya, akatoboa ukuta, akapigilia kisanduku cha laini. Hakuitwa ndani zaidi ya hapo. Bi Radhiya, mke wa maalim, alikuwa keshamimina chai. Maalim akamkata jicho, kikombe kikarudi jikoni.

"Nikufungie na adapta kabisa, maalim?" Mjaka akauliza, akifuta vumbi la ukuta mikononi. "Dakika tano tu. Hizi zina matundu mawili nyuma, watu huchanganyikiwa."

Dakika tano! Maalim akachungulia nje. Barazani vichwa vyote vimegeukia mlango wake. Fundi wa chama kile akae ndani dakika tano nyengine, aguse kompyuta, labda aletewe na kiti, watu watasema nini?

"Hapana," akasema. "Hiyo ni kazi yangu."

Mjaka akaondoka, na maalim akaifunga adapta mwenyewe. Akasoma kitabu cha maelekezo mwanzo hadi mwisho, akachomeka waya mmoja baada ya mwengine, akawasha. Taa ya umeme ikawa kijani. Taa ya laini ikawa nyekundu. Akazima, akawasha tena. Nyekundu. Akatia diski iliyokuja na adapta, akayajibu maswali ya kompyuta moja moja kama mwanafunzi wa mtihani. Nyekundu vile vile. Siku ya pili nyekundu, siku ya tatu nyekundu, na kila akipita njiani anaulizwa, "Maalim, barua zetu vipi?"

Mtu mwengine angesema, jamani, mimi hapa nimeshindwa. Aka! Maalim Thuwein ashindwe na kijisanduku? Siku ya tatu baada ya alasiri alitoka, akaketi barazani, akashusha pumzi, akatamka maneno ambayo hadi leo akiyakumbuka hufumba macho.

"Laini ni mbovu. Mjaka kaivuta hivyo kusudi. Siasa hiyo, hakuna jengine."

Hakuna aliyemuuliza anajuaje. Mzee Mmanga akapiga paja lake. "Si nilisema! Si nilisema mimi!" Kila mtu alikuwa ameshasema. Karatasi ikaletwa, na maalim akaandika hapo hapo, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni, kwenda ofisi ya simu Chake Chake, kwamba fundi Mjaka anawanyima watu huduma kwa sababu ya chama. Zikatiwa saini kumi na moja. Ya kwanza ilikuwa ya maalim.

Wiki haikwisha, Mjaka akarudi. Safari hii hakuja na ngazi. Alikuwa na mkoba wa vyuma vyake, na barua ile imekunjwa mfukoni mwa shati, mwandiko unaonekana kwa nje. Uso umemkauka.

"Nimeambiwa nisirudi ofisini bila ya maelezo," akasema mlangoni. "Wakiona nimefanya kusudi, maalim, kazi sina. Nami nina watoto wanne. Naomba niitazame."

Maalim akampisha. Mjaka akachomeka simu yake ya majaribio pale ukutani, akasikiliza, akazungumza na mtu wa mitamboni, akaitikia mara mbili. Laini nzima. Kisha akainama nyuma ya adapta. Akauchomoa waya wa ukutani kwenye tundu la kulia, lililochorwa kijisimu, akautia tundu la kushoto. Taa ikapepesa, ikawa kijani. Kwenye kioo cha kompyuta pakaandikwa kwamba imeunganika.

"Loo," akasema Bi Radhiya, aliyekuwa amesimama mlango wa ndani, kisha akajiziba mdomo kwa ncha ya kanga.

Maalim aliona masikio yanamwaka moto. Siku tatu! Siku tatu amelitazama tundu lile, na picha ya simu imechorwa juu yake waziwazi, na yeye hakulitilia shaka kwa sababu aliyelichagua ni yeye. Alitamani Mjaka amcheke. Alitamani amtukane, wagombane, ili apate la kujibu. Mjaka akatoa fomu mkobani, akaiweka mezani.

"Hapa pana pa kuandika sababu," akasema. "Niandike nini, maalim?"

Swali jepesi. Mtoto wa darasa la kwanza angelijibu. Maalim akafungua mdomo, akaona sura za barazani zote, akaufunga. Akatazama adapta. Akatazama mikono yake.

Mjaka alimngoja muda wa kutosha, tena kwa adabu. Kisha akaandika mwenyewe, akisoma kwa sauti: "Laini ilikuwa na hitilafu. Imetengenezwa."

"Lakini si kweli hiyo!" akasema Bi Radhiya.

"Najua, bibi. Nikiandika kweli, mtaani watasema nimemsingizia maalim, na atakayekosa pa kuchota maji ni mke wangu. Kwa kazi mbovu nitapewa onyo. Onyo nalimudu." Akamsogezea maalim kalamu. "Saini hapo chini."

Na maalim akatia saini. Ndiyo, alitia. Hiyo ilikuwa saini yake ya pili iliyomharibia Mjaka, na mkono haukumtetemeka hata kidogo.

Huko nje ikawa sherehe. Barua yetu imewatikisa! Wameona sisi si watu wa kuchezewa! Siku nne mfululizo maalim aliketi mbele ya kompyuta akiwachapia watu barua, na kila mmoja alitaka kwanza waandikiwe wa Maskati na Dubai habari za fundi aliyetiwa adabu. Maalim alichapa. Kila akilifikia jina la Mjaka vidole vilikosea herufi, akafuta, akachapa tena. Chakula hakikumshuka. Bi Radhiya alimtengea, akamwondolea, na hakumuuliza ana nini.

Ijumaa, watu wametoka kuswali, Mzee Mmanga akaja na karatasi mpya.

"Andika ya pili, maalim. Tuombe ahamishwe kabisa, atuondokee. Ofisini wameniambia amekiri mwenyewe kwa maandishi kwamba laini ilikuwa mbovu. Ushahidi gani tena tunautaka?"

Maalim akaishika kalamu. Watu tisa wanamtazama, wanangoja mwandiko ule mzuri. Akaiweka chini.

"Siandiki."

"Kwa nini?"

"Laini haikuwa mbovu. Mimi nilikosea tundu. Mjaka alikuja akatoa waya hapa akatia hapa, basi. Nimemsingizia."

Mtu mmoja akacheka. Mzee Mmanga akamshika bega kwa huruma. "Wamekutisha, yakhe. Wamekwita Chake? Sema, sisi ni wenzio."

"Hakuna aliyeniita!"

"Masikini maalim. Tazama anavyotoka jasho. Huyu katishwa huyu. Hili nalo liandikwe, kwamba Mjaka anakuja majumbani kuwatia watu hofu."

Hapo maalim akaruka. "Ingieni ndani!" akapiga ukelele, ukelele wa darasani ambao mtaa ulikuwa haujausikia tangu astaafu. "Ingieni, nyote! Vueni viatu, ingieni!"

Wakaingia, wakabanana mbele ya meza. Maalim akauchomoa waya, akautia tundu la kulia. Nyekundu. Akautia la kushoto. Kijani. Kulia, nyekundu. Kushoto, kijani. Akafanya mara tatu, kama anavyomfundisha mtoto asiyeshika.

"Mmeona? Mmeona mjinga ni nani?"

Wameona. Hakuna aliyecheka. Mzee Mmanga akajikohoza, akakikalia kiti pekee kilichokuwapo, akaizungusha kofia yake mikononi.

"Tumeona, maalim. Basi, barua ya pili tuiache. Lakini hili liishie humu humu. Tukilitoa nje, wale watatucheka hadi uchaguzi ujao."

"Kweli," akasema mmoja.

"Kweli kabisa," akasema mwengine. Na wa tatu, kwa vile alikuwa yumo ndani, akauliza kama jibu lake kutoka Dubai limeshafika.

Wote wakamtazama maalim. Na yeye, ambaye dakika moja iliyopita alikuwa akipiga kelele kwa ajili ya haki ya mtu, akatikisa kichwa kukubali. Akatikisa tu. Watu wakavaa viatu vyao, wakaondoka mmoja mmoja.

Bi Radhiya akatoka ndani.

"Baba Samah, umetikisa kichwa."

"Wewe hujui mambo haya, mke wangu. Siasa za hapa..."

"Siasa sizijui. Nimekuona umetikisa kichwa."

Alisema hivyo tu, akaanza kukusanya vikombe. Maalim alisimama katikati ya chumba akaona haya mbele ya mke aliyekaa naye miaka thelathini, haya za mtoto aliyefumaniwa akiiba sukari. Hakuna mahali pa kuuweka uso. Akachukua kofia yake, akatoka. Akapita mbele ya baraza hali watu wanamtazama, akapita nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila hatua anajua nyuma yake mazungumzo yamekatika. Nyumba ya sita akapiga hodi.

Mwanawema, mke wa Mjaka, ndiye aliyefungua. Alipomwona akarudi nyuma kwa fadhaa, akamwita mumewe. Mjaka akaja na tonge bado mdomoni. Hata hakungoja salamu. Mkono ulishakwenda kwenye mkoba wa vyuma, pale msumarini.

"Imeharibika tena, maalim?"

"Haijaharibika. Uache mkoba, Mjaka. Nimekuja kukwambia mbele ya mkeo kwamba nilikosea mimi, na nilikusingizia, na nilitia saini na hali naona. Na barazani nimewaambia. Nimewaingiza ndani, nimewaonyesha waya, wameona kwa macho yao."

Uso wa Mjaka ukafunguka. Kwa muda ule mfupi alionekana mdogo kwa miaka kumi.

"Umewaambia? Wote?"

"Wote."

"Kwa hiyo sasa wanajua."

"Wanajua."

Mjaka akamgeukia Mwanawema, wakatazamana, akacheka kidogo, kisha akamrudia maalim. "Wamesemaje?"

Maalim alikuwa na uongo mzuri mzuri tayari, ungeweza kumpa mtu huyu furaha ya jioni moja. Akashindwa kuutoa.

"Wamesema liishie ndani," akasema. "Na mimi nimekubali."

Mjaka hakukasirika. Bora angekasirika. Alisimama na mkoba wake mkononi kama aliyesahau alikuwa akiupeleka wapi.

"Mimi siku zote nilidhani hawajui kwamba wananidhulumu," akasema taratibu. "Nilikuwa nikimwambia Mwanawema tuvumilie, iko siku watu hawa watajua, wataona haya."