Mdomo Huchorwa Mwisho

Dada yake mchoraji alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni, mikono imezama kwenye povu la kijivu. Nyuma yake, ukutani, ile alama ya X nyekundu ilikuwa bado inanata. Watu wa halmashauri waliopita kuipaka asubuhi hawakubisha hodi wala kusalimia.

"Usisogee," mchoraji alimwambia.

"Nisisogee nguo zijifue?"

Mtaa mzima ulimwita Makaa, kwa sababu alichorea vipande vya mkaa alivyookota kwenye majiko ya watu, na vidole vyake havikutakata maishani. Hata siku ya harusi yake aliacha alama tano kwenye gauni la bibi harusi. Dada alipenda kusema kwamba ndiyo maana mke hakukaa.

Aliwachora wabeba mizigo, wauza maji, vinyozi wa chini ya nguzo za umeme. Wote aliwachora kwa namna moja: macho kwanza, kisha mikono, na mdomo mwisho kabisa, mtu akishasema neno lake. Kabla ya hapo, alisema, mdomo ni tundu tu la kulia chakula.

"Sasa sema kitu, dada. Nimalizie."

"Niseme nini?"

"Kuhusu hiyo X."

Dada alikamua shati, akalikung'uta, akalianika. Kuhusu kila kitu kingine alikuwa na maneno ya kugawa. Kuhusu hiyo alinyamaza.

"Bora nisiwe na mdomo," alisema mwishowe. "Utapumzika."

Makaa akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Karatasi ilibaki hivyo: macho, mikono, beseni, X, na chini ya pua pakiwa peupe.

Halmashauri ilikuwa ikutane kesho kutwa kuamua kama mtaa ubomolewe. Mhariri wa gazeti alikuwa ameahidi ukurasa mzima: picha itoke kesho, wajumbe waione kabla hawajanyoosha mikono. Kwa hiyo Makaa akaikunja picha, akaenda nayo mjini kwa miguu.

Mhariri aliitandaza juu ya meza ya kioo. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko alivyotaka.

"Unajua kazi, Makaa. Lakini mbona huyu mama hana mdomo?"

"Hajasema bado. Nipe mpaka jioni, mkuu, nitairudisha imekamilika."

"Jioni mitambo ya kuchapa inawaka. Iache."

"Sijawahi kuacha picha bila mdomo."

"Basi ondoka nayo. Na hiyo kesho yenu mtajua wenyewe."

Makaa alisimama akijifuta vidole kwenye suruali.

"X itaonekana?"

"Bwana, kila kitu kitaonekana."

Akaiacha.

Kesho yake alinunua gazeti akalipekua barabarani, kisha akalipekua tena kuanzia nyuma. Ukurasa alioahidiwa ulikuwa wote tangazo la kampuni ya kujenga nyumba. Alirudi kule ofisini. Mpokezi akamwambia mhariri yupo kikaoni, na tafadhali asishike ukuta.

Tingatinga lilikuja wiki iliyofuata, jua likiwa limeshapanda. Watu walitoa magodoro, masufuria, mzee mmoja akiwa bado kitini. Dada alitoa beseni. Kisha akarudi uani, akasimama kati ya tingatinga na kamba ya nguo.

"Mama, toka hapo!" dereva akapiga kelele.

"Ngojeni basi nguo za watu zikauke."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayemwomba jirani apunguze redio. Mdomo wake ukavutika kushoto, upande aliokosa meno mawili, ukatetemeka kidogo, ukafungwa. Makaa aliuona wote. Ndio huo aliokuwa akiungoja. Mkono wake ukapapasa mfukoni, mkaa ulikuwamo, karatasi zilikuwa ndani ya nyumba.

Dereva hakungoja.

Mvua zilipoisha, uwanja uliokuwa mtaa wao ulikuwa umezungushiwa mabati marefu, na kwenye mabati bango refu kama basi. Makaa na dada yake walikuwa wanapita kwenda kutafuta nguo za kufua upande wa pili wa mji, beseni kichwani kwa dada. Dada ndiye aliyesimama kwanza.

Alikuwa yeye. Macho yake, mikono yake, beseni lake, vyote vimepakwa rangi. Povu lilikuwa jeupe kama pamba. X haikuwepo. Na pale peupe chini ya pua palikuwa na mdomo unaocheka, mpana kama mlango, meno yote kamili. Juu yake pameandikwa: MAKAZI MAPYA, FURAHA MPYA.

"Mbona nimenenepa?" dada aliuliza.

Makaa alitoa mkaa, akapanda juu ya tofali, akaanza kuufuta ule mdomo kwa mistari mizito. Alikuwa amefika katikati ya meno mlinzi alipomvuta kwa ukosi.

"We mzee, unaharibu kazi ya mtu!"

"Ya mtu gani?"

"Ya mchoraji! Unadhani hii imejichora?"

Kikohozi kikambana. Mlinzi akatazama barabarani, akatazama saa. "Bosi anafika sasa hivi na wageni. Huyu nampeleka polisi."

"Ni mdogo wangu, baba," dada alisema. "Mgonjwa. Msamehe."

Mlinzi akamtazama, akalitazama beseni. Hakulitazama bango.

"Wewe si mfuaji? Futa hapo pawe kama mwanzo, nimwachie."

Dada aliteremsha beseni. Alichota maji mtaroni, akatoa kipande cha sabuni kilichofungwa kwenye pindo la kanga, akapanda juu ya tofali. Makaa, ukosi ukiwa bado mkononi mwa mlinzi, alimtazama dada yake akisugua, midomo yake ameikaza, maji meusi yakimtiririka viwikoni, jino moja baada ya jingine, mpaka yote yakawa meupe.

"Na pale pembeni, mama," mlinzi alisema. "Pale kushoto."