Poda ya Kupigiwa Picha

Mimi ni zeruzeru, na nasema mwenyewe kabla hujaanza kutafuta neno la adabu. Jina langu Dative. Niliuza sombe, majani ya muhogo, juani sokoni Uvira, Kongo, miaka kumi na tisa, na sasa naishi Erdington, Uingereza, ambako jua halina kazi. Lakini jua la Uvira lina kinyongo, limenifuata mpaka huku. Madaktari wameshanikata mara tatu: sikio, kipaji cha uso, shingo. Kila mara wanapeleka kipande cha nyama maabara, kisha wananiambia kwa upole kwamba hakikuwa kitu. Kama hakikuwa kitu, si mnirudishie sikio langu.

Mara ya nne walitaka pua. Mwaka 2008, siku kumi na nne kabla ya harusi ya binti yangu Déborah. Nikasema pua haikatwi. Sababu naitaja wazi: picha. Wapiga picha wa Uvira walizoea kulalamika kwamba ninawaunguzia filamu. Kwenye picha ya harusi yangu, marehemu mume wangu ameshika mkono wa gauni lisilo na kichwa. Mahali pa uso pana weupe tu. Nilitaka, kabla sijafa, picha moja yenye uso wangu, na pua iwe mahali pake.

Basi akanipigia simu mkalimani wa hospitali, Paramjit, Kalasinga wa Nakuru.

"Mama, saa hii hakuna kisu," akasema. "Kuna mashine mpya wanajaribu. Unapigwa picha tu."

Mtu akikuambia unapigwa picha, unafanya nini? Unajitengeneza. Nikasuka nywele, nikavaa kikwembe kipya, nikapaka poda tabaka tatu, maana bila poda hata watoto wangu hawanijui. Kwenye treni ya kwenda mjini watu waligeuza shingo.

Paramjit alikuwa akinisubiri mlangoni pa kliniki. "Mama, kwani harusi ni leo?"

"Si umesema picha?"

Akanipitisha ndani haraka. Hapo ningepaswa kushtuka.

Daktari alikuwa Ushma, binti ambaye wazazi wake walitoka Kampala lakini yeye Kiswahili hajui hata cha kuombea maji. Akanibandika kioo kidogo puani. Mashine ile inapeleka mwanga ndani ya ngozi, nao unarudi na habari za kila chembe bila kukuchubua. Siku hiyo ulirudi na ukungu. Akasogeza kioo, ukungu tena. Akamnong'oneza Paramjit.

"Anauliza umepaka nini."

"Poda."

"Kwa nini?"

"Muulize aliyeniita kwenye picha."

Kalasinga mzima akaanza kutazama viatu vyake. Nikaletewa pamba na maji. Nikagoma. Nikawaambia kunifuta poda mbele ya watu ni kunivua nguo. Paramjit akakohoa.

"Mama, wazee walisema mficha uchi hazai."

"Nimezaa watano," nikamjibu. "Geukia ukuta."

Akageuka. Nikajifuta, na aibu ilinichoma kuliko jua la Uvira.

Daktari hata hakuanza na pua. Aliinama akatazama mashavu, penye magamba ambayo mwaka mzima nilikuwa nayafukia kwa poda nikidhani ni baridi ya Birmingham. Akapitisha kioo polepole, shavu hili, shavu lile, kisha pua, kisha akarudi mashavuni.

"Pua ni kovu tu la zamani," Paramjit akauambia ukuta. "Mashavuni chembe zimeanza kukaa ovyo. Si kansa, lakini zikiachwa zinaweza kuwa. Zimekamatwa mapema. Kisu hakuna, ni krimu tu."

Nikashusha pumzi. Ndipo akamalizia: krimu ile itaufanya uso uwe mwekundu na kubanduka kwa wiki kadhaa, na poda ni marufuku. Daktari alisema ningeweza kungoja harusi ipite, uamuzi ni wangu.

Nilikuwa na dada, Vumilia, zeruzeru mwenzangu. Kidonda kilipomtoka mdomoni alisema ataenda hospitali Krismasi ikipita. Tulimzika kabla ya Pasaka. Nikaanza krimu jioni ile ile, nikilaani kila kidole nilichopakia.

Siku ya harusi uso ulikuwa umeiva kama nyanya. Mpiga picha, kijana Héritier wa kanisani kwetu, akaniuliza kwa heshima zote kama mama angependa kusimama nyuma kidogo. Nikamwambia uso huu umepigwa picha na mashine inayozidi bei ya gari lake, kwa hiyo apige. Akapiga.

Picha iko sebuleni. Wakwe wamekunja nyuso, bibi harusi anacheka, na katikati ni mimi, mwekundu, nabanduka. Wekundu umenipa nyusi, umenipa mikunjo, umenipa pua. Kwa mara ya kwanza sikuunguza kitu.

Déborah, ambaye ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, alipoileta aliitazama, akanitazama mimi. Kisha akasema, kwa Kiswahili, "Mama, kumbe tunafanana."

Nililia, wala sioni haya kusema. Mtoto alikuwa na miaka ishirini na sita, na ndiyo kwanza ananiona.